Dawa ya Waridi

Wahenga waliosema manahodha wengi chombo huenda mrama hawakuwa na maana ya baharini peke yake. Hata ndoo ya plastiki jikoni huzama, kila mtu akijifanya mshika usukani. Mshonaji mmoja aliyajua hayo kwa uchungu.

Mama yake alipofariki, ndugu waligawana vyombo na nguo. Yeye alichukua kitawi cha waridi, akakipanda nyuma ya nyumba yake, kikashika mizizi. Sasa kilikuwa kimebeba matumba kwa mara ya kwanza, naye akikitunza kama mboni ya jicho. Asubuhi moja akakuta vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wafyonzao utomvu, wamejazana kwenye machipukizi mithili ya siafu kwenye mfupa.

Dawa yake aliijua. Alitwanga vitunguu saumu na pilipili kali, akaloweka kwenye ndoo ya maji, akatia sabuni kidogo ili dawa ishike majani. Akawaambia wa nyumbani ndoo isiguswe hadi kesho jioni, kisha akarudi kwenye cherehani.

Kumbe alikuwa akimpigia mbuzi gitaa. Mume wake, fundi redio aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu isipokuwa redio, aliona sabuni ni haba, akamimina nusu chupa. Mamamkwe alipita, akakumbuka kwamba enzi zake hakuna bustani iliyopona bila majivu, akatia kata mbili. Wifi, aliyekuja kusalimia tu, alikuwa amesikia kwamba mafuta ya taa huua kila kitu. Kwa hilo hakukosea.

Jioni iliyofuata mshonaji aliichuja dawa. Ilikuwa nzito, tena ya kijivu, lakini mafua yalikuwa yamemziba pua, akadhani pilipili imelowa vizuri. Akanyunyiza shina zima.

Kesho yake adhuhuri majani yalikuwa yamekauka kama karatasi iliyopitiwa na moto, na matumba yote yameinamisha vichwa. Watu wa nyumba wakatoka kutazama, pamoja na wifi, ambaye bado hakuwa ameaga.

"Labda sabuni niliyoongeza haikutosha," mume wake alisema.

Mshonaji akageuka polepole. "Uliyoongeza?"

Hapo yakamwagika yote. Mamamkwe akataja majivu, wifi akataja mafuta ya taa, kila mmoja akiapa kwamba chake hakina madhara. Kisha, bila hata kupumua, wakaanza kubishana juu ya dawa ya kuyaponya majani. Mmoja akataka maziwa, mwingine chumvi.

"Mama, nakuheshimu," mshonaji alisema. "Wifi, nakupenda. Wewe mume wangu, tutaongea ndani. Lakini atakayelisogelea shina hili tena, hata na maji matupu, tutakosana."

Mamamkwe akashusha sauti. "Hukutuambia lilikuwa la marehemu mama yako."

"Niliwaambia ndoo isiguswe, Mama. Nilidhani inatosha."

Akachukua mkasi, akakata matawi yote yaliyoungua hadi kikabaki kisiki kitupu, ambacho hakuna aliyejua kama kitachipua. Mwaka ule nyumba ile haikupata waridi hata moja, wala haikupungukiwa na mtaalamu hata mmoja. Ama kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama.