Neno la Bibi Kaluwa

"Asiyesimama jiweni asikalie kigoda." Mmeisikia leo barazani, mkacheka, kisha mkaniuliza ni jiwe gani hilo. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na wala haikuanza kwa kicheko.

Zamani nchi tatu zilichangia bonde moja la chumvi. Kwa kuwa chumvi haikosi ugomvi, ziliweka baraza la waamuzi watatu, mmoja kutoka kila nchi, na hukumu yao hata mfalme hakuigusa. Lakini kabla mtu hajapewa kigoda, alisimamishwa juu ya jiwe jeupe katikati ya gulio, tangu asubuhi hadi jua la utosini. Yeyote, wa nchi yoyote, aliruhusiwa kumuuliza au kumshtaki mbele ya watu.

Mwaka mmoja vigoda viwili vilibaki wazi. Semkiwa, mjumbe wa Usangwe, alitumwa kumpeleka shemeji wa mfalme wake. Njia nzima alitafuta namna ya kulikwepa jiwe, maana alijua shemeji huyo alivyowadhulumu wajane mbuzi wao, na jiweni yangesemwa yote. Shekigenda, mjumbe wa Ubwara, naye alikuwa na mtu wake, Gwau.

"Ndugu yangu," Shekigenda alimwambia pembeni, "wazee wazima wasimame juani kama wezi wa kuku? Nipitishie wangu, nikupitishie wako."

Semkiwa akashusha pumzi, akakubali. Mjumbe wa nchi ya tatu alipinga, lakini wawili wakishapatana, mmoja atasema nini? Gulioni yalitangazwa majina tu.

Bibi Kaluwa, mpika chumvi, alikuwa amefika mbele ya jiwe tangu alfajiri. "Nina neno juu ya Gwau," akasema.

"Bibi, yamekwisha," Semkiwa akamjibu. "Rudi na neno lako."

Akarudi nalo.

Mvua mbili hazijapita, mtu wa Ubwara akaivamia chemchemi ya chumvi ya Nakiete, binti pekee wa Semkiwa. Kesi ikafika barazani. Nakiete alileta mashahidi saba, mvamizi hakuleta hata mmoja. Gwau akampa mvamizi chemchemi. Shemeji wa mfalme akaitikia bila kuinua macho, maana kigoda chake alikipata kwa hisani ya Ubwara.

Semkiwa akainuka. "Gwau na mvamizi huyu ni ndugu wa tumbo moja! Nimeambiwa leo hapa hapa gulioni!"

"Maneno hayo husemwa jiweni," Gwau akajibu taratibu.

"Hukusimama jiweni!"

"Na nani aliniondolea jiwe hilo?"

Semkiwa akageuka, akatoka.

Nje alimkuta Bibi Kaluwa. "Hilo ndilo lilikuwa neno langu," bibi akasema. "Chemchemi yangu mimi waliichukua wawili hao hao. Asiyesimama jiweni asikalie kigoda, mwanangu. Ulilijua hilo kuliko mimi."

Nakiete alirudi kwenye chemchemi yake akiwa kibarua, akipika chumvi ya mwingine, na baba yake akimbebea kuni. Binti hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomla mzee. Wapita njia walipomuuliza imekuwaje mjumbe mzima anabeba kuni, Semkiwa hakujitetea. Alitua mzigo, akafuta jasho, akawaambia: asiyesimama jiweni asikalie kigoda.