Kipanya cha Pupa

Kipanya cha pupa hulipita tundu lake. Methali hiyo mmeisikia sasa hivi, mmecheka, na mnaniuliza imetoka wapi kana kwamba niliitunga mimi. Sikuitunga. Mimi ndiye niliyesababisha itungwe, na hilo si la kujivunia. Haya, punguzeni sauti ya hizo spika. Methali hii ilianza hivi.

Wakati huo nilikuwa na nywele kichwani, na nilikuwa na chumba cha michezo ya kompyuta pale Mafiga, Morogoro. Kompyuta sita, feni moja, kelele usiseme. Timu yetu ya watu watatu ilicheza ule mchezo wa kurushiana rangi: ukipakwa, umetoka. Mimi nilikuwa kapteni. Mlengaji wetu alikuwa Sikudhani, binti wa fundi cherehani wa duka la jirani. Huyo akikulenga, umepakwa, hakuna mjadala.

Ila alikuwa na ila moja. Kipanya chake alikiwekea kasi ndogo mno, tatu kati ya kumi. Akitaka kugeuka nyuma, asukume mkono kutoka ukingo huu wa meza hadi ule, ampige jirani kiwiko, na akimaliza kugeuka ameshapakwa rangi mgongoni.

Zilibaki siku mbili tucheze fainali na timu ya Kihonda. Yule fundi cherehani, mama yake Sikudhani, ambaye sote tulimwita Mama Siku, alikuwa amechoka kuona nguo za wateja zikisubiri. Akamwambia bintiye mbele yetu: "Ukishinda, jioni zako ni zako. Ukishindwa, unarudi kwenye cherehani, na habari za michezo sitaki kuzisikia tena." Sikudhani alikubali.

Basi mimi nikajifanya mjuzi. Nikafungua mipangilio, nikapandisha kasi ya kipanya kutoka tatu hadi tisa. "Sasa utageuka kama pia," nikamwambia.

Akageuka kweli! Aligusa kidogo, akapaka mawingu. Akagusa tena, akapaka paa, akapaka mti, akanipaka mimi kapteni wake mara tatu. Wenzetu walicheka hadi machozi. Machozi ya Sikudhani hayakuwa ya kucheka.

"Mkono wangu umepotea," akasema.

Mama Siku akaingia kumwita, utepe wa kupimia shingoni. Akasimama nyuma yetu akitazama.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Huyu mwanangu mmemfanya nini? Juzi alikuwa hakosi hata jani."

"Kapteni kaniongezea kasi, mama," Sikudhani akajibu. "Kutoka tatu hadi tisa."

"Kwa mkupuo mmoja?"

"Eeh."

"He! Makubwa haya!" Akanigeukia. "Baba, uzi wa cherehani ukilegea, unaikaza skrubu mpaka mwisho?"

"Hapana, mama. Uzi utakatika."

"Kumbe unajua! Unageuza kidogo, unapitisha kwenye kipande cha kitambaa, unautazama mshono. Ukikaa vizuri, unaacha. Na hiki mnachokishika mnakiitaje?"

"Kipanya, mama."

Akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Basi jina mmelitoa wenyewe! Kipanya cha pupa hulipita tundu lake!"

Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka, japo nilikuwa nimeumbuka. Sikudhani hakuwa na muda huo. Alirudisha kasi hadi tatu, akachagua doa moja kwenye ukuta wa mle mchezoni, akawa anageuka na kusimama juu yake. Akapandisha hadi nne, akalilenga doa lile hata mara hamsini. Kesho yake akaweka tano, akalenga weee, mkono ukakubali. Alipojaribu sita, akaanza kulipita doa. Akarudi tano, akaachia hapo. Nilitaka kusema neno. Mama Siku akanitazama tu, nikafunga mdomo.

Siku ya fainali Mama Siku alifunga duka, akakaa mstari wa mbele. Mimi nilipakwa rangi mapema, aibu yangu. Mwenzetu wa tatu akafuata. Akabaki Sikudhani peke yake na kijana mmoja wa Kihonda, mtu wa majigambo, anayemnyemelea kwa nyuma. Watu wa Kihonda walishaanza kushangilia.

Sikudhani akageuka. Mkono ulisogea upana wa kiganja tu, hakumgusa mtu kiwiko. Alama ya kulengea ikafika usoni pa yule kijana na ikasimama hapo hapo, wala haikupita. Akabonyeza. Rangi ya njano uso mzima!

Vigelegele vya Mama Siku, nadhani hata sokoni walivisikia. Alimkumbatia bintiye huku analia na kucheka. "Jioni zako ni zako," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, niwekee kiti changu hapa. Nitakuwa nakuja."

Tangu hapo Mafiga nzima ikaichukua methali hiyo. Mtu akimimina chumvi yote mara moja, anaambiwa. Bwana akitaka ndoa wiki ya kwanza, anaambiwa. Kwa hiyo wewe uliyepandisha hadi kumi leo, ukawa unapaka mawingu, usimnunie dada yako. Amekwambia kweli tupu: kipanya cha pupa hulipita tundu lake.