Mbwa Aliyesusa Maini

Hapo zamani, kabla hamjazaliwa nyie mnaotafuna mahindi yangu bila hata kusema asante, palikuwa na kijiji mlimani, chini kidogo ya msitu wa nyani. Sogeeni. Hadithi hii haina jini wala mfalme, ina mbwa. Asiyependa mbwa aende zake akalale, na hilo hindi aliloshika aliache hapo.

Kijijini hapo aliishi mjane mmoja, jina lake Nakundwa. Alikuwa na shamba la mahindi na mbwa jike mmoja. Nyani wa msitu ule hawakuogopa mtu, hawakuogopa sanamu la majani, hata moto waliuzoea. Walimwogopa mbwa yule tu. Shamba lisilo na mbwa, mwenyewe alivuna mabua. Basi mbwa yule ndiye aliyekuwa ghala la Nakundwa, na tangu mumewe afariki, ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuongea naye jioni.

Mbwa aliitwa Hayawahusu. Mnacheka nini? Watu wa zamani hawakumpa mbwa jina hivi hivi, jina la mbwa lilikuwa salamu ya jirani. Ng'ambo ya ua wa Nakundwa aliishi Mama Kajiru, na wanawake hawa wawili walikosana kwa sababu ya boga. Mbegu iliota kwa Nakundwa, mmea ukatambaa ukavuka ua, ukazaa boga kwa Mama Kajiru, naye Mama Kajiru akalipika, akalila lote, akakaanga na mbegu.

Toka hapo hawakusemeshana uso kwa uso. Kila asubuhi Nakundwa alitoka na ufagio, akamwita mbwa wake kwa sauti ndefu, akamwelezea mbwa huyo habari za watu wenye matumbo yasiyojua mpaka. Mama Kajiru naye alifuga jogoo, akamwita Tunajua, akamwelezea jogoo habari za watu wanaopanda mbegu bila kuzifunza adabu. Wakimaliza, kila mmoja aliingia ndani kunywa uji, moyo mweupe. Hayawahusu alikaa katikati akisikiliza, mkia unapiga vumbi. Matusi yakiisha ndipo alipokwenda kwenye chungu chake kula.

Sasa siku moja ujumbe ukaja. Binti wa Nakundwa aliyeolewa bonde la pili alikuwa karibu kujifungua, na mama aende akamlee mzazi mpaka mtoto atolewe nje. Furaha ilimjaa Nakundwa, kisha akamtazama mbwa, furaha ikapungua. Kwenda naye haiwezekani. Mama mkwe akifika kwa mkwewe na mbwa, watu watasema hakuja kulea, amekuja kulinda. Na mbwa mwenyewe alikuwa na mimba.

Basi Nakundwa akasimama kisimani, pale ambapo jambo likisemwa limesemwa kwa wote, akaahidi hivi: atakayemtunza Hayawahusu mpaka yeye Nakundwa arudi amkute mzima, mtoto wa kwanza wa mbwa huyo ni wake. Kijiji kikatikisika. Mtoto wa Hayawahusu! Hata wasio na shamba walitaka.

Waliojitokeza kwa dhati walikuwa wawili, nao Nakundwa akawaendea nyumbani kukagua, kama mshenga anayetafuta ni nyumba gani imwoe binti yake.

Alianza kwa Kangalu, mchinja nyama. Akanusa vyungu, akaonja mchuzi, akauliza kama ni nyumba ya kula kwa amani au ya kula kwa kelele. Kangalu akamwonyesha mifupa yenye uboho, akamwonyesha mapafu, akamwonyesha maini. Nakundwa akaridhika na chakula. Lakini alipouliza mbwa atalala wapi, Kangalu akakuna kichwa, akaonyesha chini ya gogo la kukatia nyama, ambako nzi walikuwa wamekwisha kulala.

Akaenda kwa Mshana, fundi seremala. Huyo alikuwa ameshajenga kibanda cha mbwa, chenye paa la mteremko, kizingiti, na godoro la maranda ya mbao. Nakundwa akalijaribu godoro mwenyewe, akapitiwa na usingizi, akaamka amefunikwa blanketi. Akaridhika na malazi. Lakini Mshana alikuwa mtu wa kusahau kula. Mkewe alikuwa amerudi kwao kwa sababu hiyohiyo, sembuse mbwa?

Na Mama Kajiru je? Huyo shamba lake ndilo lililopakana na msitu, na kila mwaka nyani walilivuna kabla yake. Kama kuna mtu aliyehitaji mtoto wa mbwa kijiji kizima, ni yeye. Siku hiyo alisogea uani, akamwambia jogoo wake kwamba watu wengine wanahangaika nyumba za mbali na jirani yupo. Nakundwa akainama akamwambia mbwa wake, kwa sauti ya kusikika, kwamba akikanyaga ng'ambo ya ua atavunjwa miguu. Mama Kajiru akaingia ndani.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa la watu wa kijiji kile tu. Kwao, neno "hapana" halikusemwa usoni mwa jirani. Lilikuwa tusi. Jirani akikuletea jambo usilolitaka, ulikubali kwa tabasamu, ukaenda kulala, kesho yake ukamtuma mtu mwingine alipeleke hilo "hapana" kwa niaba yako, na jirani akalipokea bila kinyongo. Adui tu ndiye aliyeambiwa hapana papo hapo. Basi Nakundwa alimwambia Kangalu, "Mbwa ni wako mpaka nirudi." Akamwambia na Mshana, "Mbwa ni wako mpaka nirudi." Akalala, akitafakari ni nani wa kutumiwa hapana.

Kabla hajaamua, mtu akabisha hodi alfajiri: uchungu umeanza. Nakundwa akajifunga kanga akaondoka mbio, na lile "hapana" halikutumwa kwa mtu yeyote.

Asubuhi Kangalu akaja na mfupa, akamkuta Mshana na kamba. Kila mmoja akasema mbwa ni wake, na kila mmoja alikuwa anasema kweli. Walivutana mpaka wakachoka, kisha wakamwachia mbwa achague. Mbwa akawatazama wote wawili, akarudi mlangoni kwa Nakundwa, akajilaza kwenye kizingiti, akasusa.

Alisusa kweli. Kangalu akaona isiwe taabu, akahamishia sahani pale mlangoni. Akaleta mapafu, mbwa akageuza uso. Akaleta uboho, mbwa akafumba macho. Akaleta maini, maini ambayo Kangalu hakuwahi kumpa hata mama mkwe wake, na mbwa akayatazama, akapumua kwa huzuni, basi. Mshana naye akabeba kibanda kichwani, akakitua palepale. Mbwa hakuingia. Umande ukamlowesha, akatetemeka, hakuingia.

Siku zikapita, mbavu zikaanza kuonekana, na watu wale wawili wakaingiwa na hofu. Nakundwa angekuja kumkuta mbwa gani? Na wale wa tumboni? Hofu humfanya mtu mzima mjinga. Kangalu akaona pengine mbwa hajui kwamba maini ni matamu, akapiga magoti mbele ya sahani akala mwenyewe, akijilamba midomo. Mshana akaona pengine mbwa hajui matumizi ya kibanda, akajisukuma ndani kichwa kwanza, akakwama mabegani. Wapita njia wakakuta mtu mzima anakula kwenye sahani ya mbwa, miguu ya mtu mzima mwingine imetokeza kwenye nyumba ya mbwa, na mbwa mwenyewe amekaa pembeni anawaonea haya. Nyie chekeni, lakini mbwa alikuwa anakufa.

Sasa ng'ambo ya ua Mama Kajiru naye hakuwa mzima. Tangu Nakundwa aondoke, uji ulimshinda. Aliamka, akafagia, akausogelea ua, akafungua kinywa, akakumbuka hakuna mtu. Alijaribu kumgombeza jogoo peke yake, lakini jogoo hakuwa amemkosea kitu. Kichwa kikawa kinamuuma. Aliumia, na asingekiri hata kwa kuchomwa moto.

Asubuhi hiyohiyo, Mshana angali amekwama kibandani, akaona mmea wa boga umevuka tena ua, umeng'ang'ania kigingi chake. Uvumilivu ukamwisha. Akashika kiuno, akamwita Tunajua, akaanza. Akasema habari za watu wanaokwenda kulea wajukuu huku mimea yao haijalelewa. Akasema habari za watu waliozaa binti mmoja na kutembea kama waliozaa kijiji. Aliyatoa yote yaliyomlimbikia, kwa mpangilio, bila kukata pumzi.

Hayawahusu akainua kichwa. Sikio moja likasimama, likafuata la pili. Mkia ukagusa vumbi, ukagusa tena. Mama Kajiru alipomaliza na kutema mate, mbwa akanyanyuka, akajinyoosha, akaenda kwenye sahani akamsukuma Kangalu kwa bega, akala maini yote yaliyobaki. Kisha akaenda kwenye kibanda, akapanda juu ya miguu ya Mshana, akabweka mpaka watu wakamvuta Mshana atoke. Akaingia, akajizungusha, akalala.

Toka siku hiyo kazi ikawa ya watu watatu. Asubuhi Mama Kajiru alitukana, Kangalu akalisha, na mchana, liwe jua au mvua, Mshana akarekebisha paa. Matusi ya zamani yakamwishia Mama Kajiru, akatunga mapya. Kuna siku aliamka na homa, koo limekauka, sauti hakuna. Watu wakamwona anakuja amejifunga kanga shingoni, ameegemea kigingi, anatukana kwa kunong'ona. Mbwa akasogea karibu na ua ili asikie. Akasikia, akala.

Mvua kubwa ikanyesha mchana mmoja, mtaro ukafurika, na Hayawahusu akazaa ndani ya kibanda, juu ya maranda makavu. Akazaa mtoto mmoja. Mmoja tu, wa kike, mweusi, ana doa jeupe kama unga uliomwagikia pua.

Nakundwa akarudi. Akamkuta mbwa amenawiri, akalia, akamkumbatia, akalambwa uso mzima. Kisha akamwona mtoto mmoja, akatazama huku na huku, akaona na watu wanaomsubiri.

Kangalu akasema, "Dada, maneno hayashibishi. Nilikula makombo ya nyama ili mbwa wako ale maini. Huyo mtoto alinenepa kwa mkono wangu. Niliahidiwa, nimetimiza, naomba changu."

Mshana akasema, "Maini huliwa hata na mbwa koko. Siku ya mvua, shangazi, wewe hukuwepo. Bila paa langu huyo mtoto angeelea mpaka mtoni. Nami niliahidiwa, na mabega yangu mpaka leo hayajanyooka."

Watu wakageukia ua. Mama Kajiru alikuwa amesimama na jogoo kwapani. Akamwambia jogoo kwamba wao si watu wa kuomba mbwa wa mtu, na kwamba walishaambiwa hapana mbele ya jua. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu lile boga, akamtazama Nakundwa usoni.

"Mimi sikuja kulisha wala kulaza," akasema. "Nilikuja kutukana, kama kawaida yangu. Lakini siku niliyougua, nilikuja pia."

Kangalu akainamisha kichwa, kwa sababu aliyaona maini yakioza. Mshana naye akatazama miguu yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, akasema mtu mmoja nyuma. Mwingine akamjibu kwamba haki gani, mwanamke yule alijitibu kichwa chake tu, mbwa akapona kwa bahati.

Nakundwa akamchukua yule mtoto, akamweka kiganjani. Akamwazia Kangalu, aliyeahidiwa. Akamwazia Mshana, aliyeahidiwa. Akalitazama shamba la Mama Kajiru, mabua matupu mpaka msituni, akahisi aibu ikimpanda. Akaanza kuusogelea ua, mkono mbele. Mama Kajiru akamtua jogoo chini, akanyoosha mikono yote miwili.

Hapo Nakundwa akasita. Maana kijiji kile kilikuwa na mila yake nyingine: ukimpa mtu kiumbe hai mkononi mwake, mmekuwa ndugu, na ndugu hawatukanani tena mpaka kufa. Akageuka kumtazama Hayawahusu, aliyekaa katikati yao, masikio yote mawili juu, anasubiri kifungua kinywa. Akamtazama Mama Kajiru. Mama Kajiru naye alikuwa ameikumbuka mila hiyo, na mikono yake ikawa haijui kama irudi au ibaki.

Hapo walipo ndipo nilipowaacha, mtoto wa mbwa yuko juu ya ua, hajawa wa mtu. Je, nani alistahili kupewa? Usinijibu haraka, wewe mwenye mahindi mawili. Ukisema mlishaji, niambie aliwezaje kumlisha. Ukisema mjenzi, niambie nani aliyemwingiza ndani. Na ukisema Mama Kajiru, kama ninavyoona midomo yenu inavyotaka, basi nijibuni na hili: kesho asubuhi, wakishakuwa ndugu, wale wawili watakunywaje uji, na Hayawahusu atakula kwa matusi ya nani?