Nusu Kichwa cha Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakiota nywele kama sisi sote, mji wa Kidogoni ulikuwa na kinyozi fukara aitwaye Vuai. Fukara, lakini ulimi! Vuai akamposa Bi Mwanamize, na babake binti, Mzee Kitwana, akampa miezi sita alete mahari ya reale ishirini na mbili, la sivyo binti ataozwa muuza halua.

Vuai alikuwa na reale ishirini tu. Basi akaziweka amana katika hazina ya Sultani, kama walivyoweka wengi mjini, akapewa hati yenye muhuri kwamba baada ya miezi sita atarudishiwa ishirini na mbili. Ikawa mwezi wa tano mbiu ikapigwa: miezi sita imekuwa miaka sita, na faida ni reale moja.

Vuai akaenda mbio kwa Sultani. "Bwana wangu, hati hii ina muhuri wako!"

"Naam. Lakini mali imo mikononi mwangu. Kilichomo mikononi mwangu, masharti yake napanga mimi."

"Nimesikia, bwana wangu," akasema Vuai kwa upole, akainama, akaenda zake. Ningekuwa Sultani, ningeuogopa upole ule.

Ijumaa Sultani akamwita amnyoe kwa pesa mbili, maana wageni wa ng'ambo walikuwa wakimngoja ukumbini. Vuai akanyoa upande wa kulia ukang'aa, kisha akaufuta wembe, akautia mkobani.

"Mbona umeacha?"

"Masharti yamebadilika, bwana wangu. Upande wa kushoto ni baada ya miaka sita."

"Una wazimu! Si tulipatana?"

"Naam. Lakini kichwa kimo mikononi mwangu."

"Niitieni kinyozi mwingine!"

"Waitwe wote, bwana wangu. Nao wana amana zao kwako."

Sultani akajitazama kiooni, akanuna. Akajitazama tena, akaangua kicheko hata povu la sabuni likaruka. "Loo! Umenipata, mjanja we!" Basi akaamuru hati zilizokwisha kutiwa muhuri zisiguswe, na masharti mapya yawe ya fedha mpya. Vuai akangoja kwanza asikie mbiu ikipigwa, ndipo akamaliza kunyoa.

Siku ya harusi Vuai alikuwa akimnyoa mkwewe ndevu, bure. Mzee Kitwana akakohoa. "Mwanangu, kuhusu yale mahari, unajua vitu vimepanda bei..."

Vuai akausimamisha wembe katikati ya kidevu.

"Ishirini na mbili zatosha kabisa," akasema mzee upesi. "Endelea, mwanangu, endelea."