Nyasi za Chumbani kwa Resiato

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani ya mwaka ule mvua ilipokataa, Mzee Parsaloi na mwanawe Lemayian waliswaga ng'ombe kwenda kusini kutafuta malisho. Nyumbani walimwacha ng'ombe mmoja, Namelok, kwa kuwa alikuwa na mimba na safari asingeiweza. Waliwaacha pia wanawake watatu: Mama Nolari, mke wa mzee, Silantoi, binti yake, na Resiato, mke wa Lemayian, aliyeolewa juzi tu.

Nje hapakuwa na unyasi hata wa kuchokolea meno. Namelok akabaki mbavu.

"Kwetu milimani tuliotesha nyasi ndani ya nyumba, bila udongo," alisema Resiato. "Mahindi na maji, basi."

Mama Nolari akacheka. "Na jembe utalipiga wapi, mkamwana? Chini ya kitanda?"

"Kitanda kitatoka, Mama."

Kikatoka. Kitanda cha arusi kikaegemezwa ukutani nje, na Resiato akalala jikoni. Mama Nolari akaacha kucheka, akaleta debe la mahindi, uji wao wa mwisho. Silantoi akamtwika punda madumu, akafuata maji kisimani, asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Wakaloweka mahindi, wakayatandaza kwenye masinia, wakayanyunyizia. Mizizi ikafumana, nyeupe kama mkeka mpya, na juu yake majani yakasimama. Chumba kikanukia mvua. Waliingia humo hata bila kazi, wakanusa, wakatoka.

Namelok akala, akageuka kuitazama njia ya kusini.

Kila sinia lilipokomaa, Resiato alinyofoa konzi moja, akaifunga mlangoni, maana kwao msafiri hupokewa kwa nyasi mbichi.

"Wifi, unamnyima ng'ombe," alisema Silantoi. "Mimi nanawa kwa mate ili hizo ziote."

"Konzi moja tu."

"Kaka hayuko karibu hivyo."

Resiato akalikaza fundo la nyasi mlangoni. Namelok akala, akageuka kuitazama njia ya kusini.

Hatimaye alizaa ndama jike. Kitovu hakijakauka, Mzee Parsaloi akatokea njiani peke yake. Mkononi alishika kengele ya ng'ombe aliyekuwa akiongoza kundi. Kundi halikuwapo.

"Lemayian?" aliuliza Resiato.

"Amebaki na mtamba mmoja aliyesalia, asiyeweza kutembea. Amekataa kumwacha. Atakuja mvua ikija."

Mzee akazifungua nyasi za mlangoni, akazinusa kwa muda mrefu.

Kwa desturi yao mzee humfunga ndama jike kengele kwa jina la mwanamke mmoja, na uzao wake wote huwa wa nyumba ya mwanamke huyo.

Mama Nolari akasema, "Tumbo langu ndilo lililofunga ili la Namelok lijae. Nina hamu ya kuisikia kengele hiyo asubuhi, kama zamani."

Silantoi akasema, "Bila maji, mahindi ni kokoto. Nami nitaolewa mbali, Baba. Nipe kitu cha nyumbani kitakachotembea nami."

Resiato akasema, "Nyasi ziliota mahali pa kitanda changu. Mume wangu akirudi, akute zizini kitu kinachomngoja."

Mzee akaushika ulimi wa kengele kwa kidole usilie. Wanawake wakamtazama yeye. Namelok akaitazama njia ya kusini.

Haya, ninyi mliokaa mkanisikiliza: kengele ingekuwa mikononi mwenu, mngeifunga shingoni mwa ndama kwa jina la nani?