Kwa Nini Habari za Lukonde Huanza na Aliyebisha Hodi

Zamani hii si ile ya wanyama kunena. Ni ile ya simu chache na mabomba mapya, wakati mji wa Lukonde ulipopata televisheni yake ya halmashauri, chumba kimoja kando ya posta. Siku hizo taarifa ya habari ilikuwa ya wakubwa. Mkubwa akikata utepe, anaonyeshwa. Akihutubia, anaonyeshwa tangu salamu hadi makofi. Mwananchi alionekana kwa nyuma tu, akipiga makofi hayo.

Aliyeiendesha ni Bi. Tusekile Mwaipaja. Ndiye msimamizi, ndiye mhariri, ndiye msomaji wa habari, na kila siku alirudi nyumbani kichwa kikimgonga. Umeme ukikatika, anaulizwa yeye. Upepo ukiinamisha mlingoti, nusu ya mji ikaona chenga, anatukanwa yeye. Na juu ya hayo yote kulikuwa na Mzee Ndulamo, mlinzi wa tangi la maji kule mlimani.

Mzee huyu aliamini kwamba televisheni ya umma ni ya umma. Jumatatu alikuja kutangaza kuwa bata wake amepotea. Jumanne akaja kutangaza kuwa amepatikana. Jumatano akataka kumsalimia shemeji yake wa bonde la pili.

"Baba, hapa si gulioni," Bi. Tusekile alimwambia. "Hii ni televisheni!"

"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja."

Alhamisi Bi. Tusekile alitia komeo mlangoni, akawa analifunga kila saa ya habari ilipokaribia. Akapumua.

Ijumaa jioni, hotuba ya mwenyekiti wa halmashauri, iliyorekodiwa, ya dakika arobaini, ilikuwa imeshika kasi hewani, mlango ukagongwa. Akajifanya hasikii. Ukagongwa kwa ngumi. Akaufungua kwa hasira ili ampe vidonge vyake.

Mzee Ndulamo alikuwa peku, amelowa hadi kiunoni, anahema.

"Bata tena?"

"Vyura," alisema. "Wamekufa wote kijitoni. Pipa la dawa ya josho limebingirika likapasukia majini, juu ya pale tangi letu linapochotea. Koki nimeifunga, lakini yaliyokwisha kuingia mabombani siwezi kuyarudisha."

Bi. Tusekile alitazama saa ya ukutani. Wakati ule kila nyumba ilikuwa inakinga maji ya chakula cha jioni. Na kama mzee amekosea? Kumkatiza mwenyekiti ni kujifukuzisha kazi. Ndipo harufu ikamfikia, ile harufu kali ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ikitoka kwenye nguo za yule mzee. Akaizima hotuba. Akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, matope na yote.

"Sema, baba. Sema upesi, na usimsalimie mtu!"

Mzee akasema, akarudia mara tatu. Lukonde nzima ikasikika ikimwaga ndoo. Wenye televisheni waliwapigia kelele wasio nayo, uzio hadi uzio. Ng'ombe wawili waliokunywa kijitoni walikufa. Binadamu hakufa hata mmoja.

Kesho yake mwenyekiti alikuja amefura. "Nani alikuruhusu kunikata katikati?"

Bi. Tusekile hakuwa amelala. Alikuwa amechoka hata woga umemwisha. "Mheshimiwa, hotuba yako ilikuwa imefika kwenye maji safi na salama. Ningekuacha uendelee?"

Mwenyekiti aliwaona watu waliojazana dirishani wakisubiri jibu lake, akawapungia mkono na kuelekea mlangoni. Alipoondoka, Bi. Tusekile alichukua bisibisi akaling'oa lile komeo kwa mkono wake. Aibu ilimchoma. Ilibaki kidogo tu mzee agonge hadi achoke aende zake.

Na tangu siku hiyo, habari za Lukonde hazianzi na mkubwa. Huanza na yeyote aliyebisha hodi. Huja wa kumsema jogoo wa jirani, huja wa kutafuta shuka lililochukuliwa na upepo. Bi. Tusekile aliilaani desturi hiyo kila jioni mpaka alipostaafu, na hakumrudisha mtu hata mmoja. Na leo mkubwa akialikwa studio, huketi pembeni na tai yake, akingoja mwenye shuka amalize.