Sauti ya Nakiete Ilivyochubuka

Zamani hizo, milima ikiwa bado laini kama unga uliolowa, sauti ya binadamu haikuwa na doa. Mgonjwa na mzima, mwenye harusi na mwenye msiba, wote walisikika sawasawa. Mtu hakuijua hali ya mwenzake mpaka aambiwe.

Nakiete aliishi na mumewe, Senkondo, peke yao kwenye mlima mmoja. Ng'ambo ya bonde waliishi ndugu za mume. Bonde lilikuwa pana. Sauti ilivuka, ila maneno yalipotea njiani.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tisa. Asubuhi ya kumi jua lilitoka, Nakiete akaenda kuteka maji. Aliporudi alikuta udongo umeporomoka na kuifukia nyumba, na chini ya tope mumewe anagonga boriti. Alichimba kwa mikono. Alipoona hawezi, alisimama ukingoni akaita.

Ng'ambo, wifi yake Namkunda alikuwa akitwanga. Aliisikia sauti ile, nyororo kama siku zote.

"Wifi anaimba leo," alimwambia mama yake.

"Ameliona jua," mama alijibu. Wakaendelea na kazi.

Nakiete aliita na kuchimba, akachimba na kuita, kutwa kucha. Siku ya pili aliwaona wenzake wa ng'ambo wakianika mtama, akajiuliza wana mioyo ya namna gani. Mlio wa boriti iliyogongwa ulikuwa umeanza kufifia. Akaita tena kwa nguvu zote zilizobaki, na koo likachubuka. Sauti ikatoka na mikwaruzo, kama mtungi unaoburutwa juu ya changarawe.

Namkunda aliuweka mchi chini. "Mama, huo si wimbo. Huyo ameumia."

Walivuka bonde watu kumi na wawili. Walichimba huku wakimwita Senkondo, mpaka koo zao nazo zikachubuka. Walipomfikia alikuwa amekwisha kata roho.

Namkunda alimshika wifi yake mkono. "Tulikusikia tangu jana," alisema, sauti ikikwama. "Nisamehe, wifi."

"Hamkujua," alijibu Nakiete.

Koo zile hazikurudi kama zamani, na watoto waliozaliwa baadaye walizirithi. Na tangu siku hiyo sauti ya mtu hukauka, hukwama, hutetemeka, hata kabla hajalitaja lililompata. Ndiyo sababu watu wa milimani, wakisikia mwenzao anakwaruza, hawaitikii salamu. Huuliza kwanza, "Una nini?"